Rangi za Slaidi Zinazosomeka Chini ya Mabati

Projekta haina rangi nyeusi. Slaidi nyingi zinazotengenezwa usiku kwenye laptopu na kuonyeshwa asubuhi katika darasa la mabati, iwe Gatwekera kule Kibera au Gatina kule Kawangware, Nairobi, zinaharibikia hapo. Kazi ya projekta ni kutoa mwanga. Pale ulipopaka nyeusi yenyewe hunyamaza tu, na kinachobaki ukutani ni rangi ya ukuta pamoja na mwanga wowote uliomo chumbani. Usiku laptopu ilikuonyesha herufi zinazong'aa juu ya giza. Asubuhi mlango uko wazi kwa sababu ya joto, paani kuna bati moja la plastiki la kuingiza mwanga, jua linachungulia kwenye matundu ya misumari, na lile giza lako limekuwa kijivu. Herufi za buluu ulizoziweka juu yake zimezama.

Kwa hiyo kagua chumba kabla hujafungua kompyuta. Ikiwa hakiwezi kutiwa giza, na chini ya mabati ni nadra kiweze, tumia ukurasa mweupe na herufi nyeusi au za buluu iliyokoza. Ukurasa mweupe unaipa projekta kazi inayoiweza. Najua nyuma nyeusi inapendeza, na Canva imejaa violezo vya aina hiyo. Vimebuniwa kwa skrini inayong'aa yenyewe, au kwa ukumbi wenye mapazia mazito, na darasa lako si ukumbi huo.

Ukuta nao una rangi yake, na kila rangi utakayoirusha itachanganyika nayo. Manjano juu ya ukuta wa krimu inatoweka. Bati tupu ni baya zaidi, kwa kuwa kila wimbi lake lina upande wa mwanga na upande wa kivuli, basi mistari myembamba inakatikakatika na herufi ndogo zinapinda. Shuka jeupe lililokazwa kwa kamba pembe zote nne, au karatasi nyeupe za manila zilizogandishwa pamoja, zitakufaa kuliko ukuta uliopakwa rangi ya mafuta. Rangi ya mafuta hurudisha mwako mmoja katikati, na walioketi mbele huishia kuona taa badala ya somo.

Kuna pia ujanja wa mashine yenyewe. Projekta nyingi za aina ya DLP zina gurudumu la rangi linalozunguka ndani, na mara nyingi gurudumu hilo huwa na kipande kisicho na rangi cha kuongezea mwanga. Nyeupe inatoka kali, ila nyekundu na manjano hazipati msaada huo. Ndiyo maana nyekundu iliyowaka kwenye laptopu inafika ukutani imekuwa ya kutu, na manjano imekuwa ya tope. Mwalimu akiona hivyo hudhani projekta imeharibika. Haijaharibika. Usiitegemee tu kwa rangi ambayo haiwezi kuitoa.

Sasa tuje kwenye uchaguzi wenyewe. Jicho husoma herufi kwa tofauti ya mwangaza kati ya herufi na kilicho nyuma yake, na aina ya rangi hufuata baadaye. W3C, shirika la kimataifa linaloweka viwango vya wavuti, limeitungia tofauti hiyo kipimo: 1 kwa 1 pale rangi mbili zinapolingana mwangaza, hadi 21 kwa 1 kwa nyeusi juu ya nyeupe. Maandishi ya kawaida yanatakiwa kufika 4.5 kwa 1, na yale makubwa 3 kwa 1. Lakini viwango hivyo vinamfikiria mtu aliye na skrini yake mbele ya uso. Mtoto wa benchi la nyuma, jua likiwa linampiga kisogoni, anahitaji zaidi, na kwa maandishi ya kusomwa na darasa zima mimi sishuki chini ya 7.

Ukianza kupima utashtuka. Manjano kamili juu ya nyeupe inapata 1.07, yaani ni kama hukuandika kitu. Kijani kinachowaka juu ya nyeupe ni 1.4. Rangi ya chungwa ya kawaida ni karibu 2. Nyekundu kamili, ambayo walimu tunaipenda kwa vichwa vya habari, inaishia 4 tu. Buluu kamili juu ya nyeupe inapanda hadi 8.6, lakini ihamishie juu ya nyeusi inaporomoka hadi 2.4. Nyekundu juu ya buluu, ambayo kila mtu huiona imechangamka, inapata kama 2.1. Sababu ni kwamba katika mwanga mweupe wa skrini, zaidi ya asilimia 70 ya mwangaza tunaouona hutokana na kijani, kama asilimia 21 na nyekundu, na asilimia 7 pekee na buluu. Buluu ni rangi ya giza hata ikikoleaje, na manjano ni ya mwanga hata uikandamizeje. Huhitaji kukariri hesabu hizi. Kikokotoo cha WebAIM kinapatikana bure mtandaoni, unaingiza rangi mbili nacho kinakupa jibu.

Nitapendekeza rangi zenyewe, maana ushauri usiotaja rangi haumsaidii mwalimu mwenye vipindi vinane. Ukurasa uwe mweupe. Maandishi yawe buluu iliyokoza, namba #003366, ambayo juu ya nyeupe inapata 12.6. Rangi ya kuonyeshea jambo moja iwe nyekundu inayoelekea chungwa, #D55E00. Hii inapata 3.9, basi itumie kwa herufi kubwa nene, mishale na duara, kamwe si kwa aya. Ya tatu ni manjano ya #F0E442, ambayo usiiandikie chochote bali uipake nyuma ya neno kama kalamu ya kuangazia. Hizo mbili za mwisho zinatoka katika kundi la rangi nane walilolipanga Masataka Okabe na Kei Ito huko Japani kwa ajili ya watu ambao macho yao huchanganya rangi. Kundi lote ni zuri, lakini lina mtego mmoja kwetu: buluu yao, #0072B2, ina mwangaza unaokaribiana na wa ile nyekundu, na ukipitisha ukurasa kwenye mashine ya fotokopi zote mbili zinakuwa kijivu kimoja. Ndiyo maana nimeiacha na kushika buluu ya giza zaidi.

Rangi tatu zinaonekana chache, na hapo ndipo wengi wanapopinga. Wanasema watoto wanapenda rangi. Wanazipenda kweli, ila katika slaidi rangi ni lugha, na kila rangi unayoongeza ni neno jipya ambalo mtoto atajiuliza lina maana gani. Zitazame matatu za Kawangware. Gari limechorwa nyuso za wanamuziki kutoka taa za mbele hadi za nyuma, lakini tangu kanuni za waziri John Michuki za 2004, ubavuni lazima lipitiwe na mstari wa manjano, na mstari ule una kazi moja: kukuambia kwamba hili ni gari la abiria. Picha zikibadilika kila mwezi, mstari unabaki. Slaidi zako zinataka rangi moja ya namna hiyo.

Tuchukue slaidi moja tuitengeneze. Somo ni Kiswahili, ngeli ya KI-VI, na mfano ni huu: Kikombe kikubwa kimevunjika, Vikombe vikubwa vimevunjika. Slaidi ya kawaida ina picha ya meza yenye vikombe ikiwa imetandazwa nyuma nzima. Juu yake kuna kichwa chekundu chenye kivuli. Sentensi imeandikwa nomino kwa kijani, kivumishi kwa chungwa, kitenzi kwa zambarau, na ya wingi vivyo hivyo. Mwalimu alitaka kusaidia. Lakini mtoto akitazama, rangi zinamwambia kwamba kuna maneno matatu tofauti, jambo ambalo nafasi kati ya maneno ilishamwambia. Kitu ambacho somo zima linakihusu, yaani ile ki inayojirudia mara tatu na kugeuka vi mara tatu, kimefunikwa.

Iondoe picha, au ipunguze iwe kikombe kimoja kidogo pembeni. Andika sentensi zote mbili kwa buluu iliyokoza, ya umoja juu, ya wingi chini yake, maneno yakiwa yamepangana wima. Kisha chukua zile ki tatu na vi tatu peke yake, uzipake ile nyekundu, uzinenepeshe. Basi. Mtoto wa benchi la nyuma, hata asiposoma neno zima, ataona madoa matatu juu na madoa matatu chini, na ataanza kuuliza kwa nini yako pale pale. Hedwig von Restorff, mwanasaikolojia wa Kijerumani, alionyesha mwaka 1933 kwamba kitu kinachotengana na wenzake ndicho kinachokumbukwa zaidi. Vikitengana vyote, hakuna kilichotengana.

Slaidi inayofuata ikiwa ni ya zoezi, usibadilishe mpango. Weka nafasi tupu mahali pa kiambishi na uipake manjano. Slaidi ya kesho ya ngeli ya LI-YA itumie nyekundu ile ile kwa viambishi. Mwalimu wa hesabu akitaka kupaka mamoja, makumi na mamia rangi tatu, afanye hivyo, ila mamoja yakiwa ya buluu Jumatatu yasije yakawa ya kijani Alhamisi. Nimeona kitabu cha mazoezi cha mtoto aliyejibu vibaya kwa sababu hiyo tu.

Wanaofundisha chekechea wameshajua mengi ya haya bila projekta. Ingia darasa lolote la PP1 utakuta magunia meupe yameninginizwa, yameandikwa silabi kwa wino mzito: herufi kubwa, nyuma nyeupe, rangi mbili au tatu. Anayehamia kwenye slaidi angeanza kwa kuiga gunia lake mwenyewe. Vivyo hivyo Kibera ina watu waliofunzwa na barabara: kundi la wasanii la Maasai Mbili, lililoanza 2001, waanzilishi wake Otieno Gomba na Otieno Kota walikuwa wachoraji wa mabango ya biashara. Bango la kinyozi lazima lisomwe na mtu anayepita haraka, vumbi likiwa juu yake. Herufi ikikaribiana mwangaza na ukuta, mchoraji huizungushia ukingo mweusi au mweupe. Ukingo huo utakuokoa na wewe, hasa pale herufi inapolazimika kukaa juu ya picha.

Kuhusu macho: wapo wanaochanganya nyekundu na kijani, na wengi wao ni wavulana kwa sababu hali hiyo hurithiwa kupitia kromosomu X. Miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya ni kama 1 kati ya 12. Afrika idadi ni ndogo zaidi, lakini katika madarasa yetu yaliyojaa huenda ukawa na mmoja, naye kwa kawaida hajui. Jibu sahihi la kijani na kosa la nyekundu kwake yanaweza kuonekana rangi moja. Weka alama ya vema na ya mkasi pamoja na rangi. Mchoro wa moyo wenye mishipa myekundu na ya buluu haumpi tabu, kwani buluu na nyekundu anazitofautisha. Tabu yake ni nyingine, na ni ya darasa zima: usipowaambia kwamba buluu ni ya mchoro tu, wataondoka wakiamini damu inayorudi moyoni ni ya buluu, ilhali ni nyekundu iliyoiva.

Halafu kuna jambo ambalo hutalikuta katika mwongozo wowote uliotungwa ng'ambo. Huku kwetu rangi zina vyama. Katika kura ya maoni ya katiba ya Novemba 21, 2005, ndizi ilikuwa ya ndiyo na chungwa la hapana. Chungwa likashinda, na kutoka hapo chama cha ODM kikapata jina na rangi. Manjano leo ni ya chama cha UDA na wilibaro yake. Kandanda nayo ina zake: kijani ni timu ya Gor Mahia, buluu na nyeupe ni timu ya Ingwe. Chora grafu ya mavuno ya mahindi na maharagwe kwa chungwa na manjano, karibu na uchaguzi, mbele ya darasa la Kibera, uone kama kuna atakayeuliza kuhusu maharagwe. Kawangware, ambako jirani na jirani wamewahi kuumizana kwa sababu ya kura, sitaki hata mzaha huo. Kwa kulinganisha makundi mawili tumia buluu ya giza na buluu nyepesi ya samawati, au buluu na kijivu. Ile nyekundu yangu ya #D55E00 inakaribia chungwa, ndiyo, na ndiyo sababu nyingine ya kuitumia kwa kiambishi na mshale, si kwa kundi la watu. Tahadhari hiyo hiyo ielekezwe kwa kijani cha vibanda vya M-Pesa na nyekundu ya Airtel: ukurasa ukifanana sana na tangazo, mtoto atalisoma tangazo.

Video ina kanuni zake, na ya kwanza inashangaza walimu wengi. Faili ya kawaida ya MP4 huhifadhi mwangaza wa kila nukta, lakini rangi huhifadhiwa kwa robo tu: nukta nne zinagawana rangi moja. Kwa picha ya uso au ya mti hutaona tofauti. Kwa herufi nyekundu juu ya buluu utaona kingo zimevuja kama wino kwenye karatasi ya kufungia mandazi, na WhatsApp ikishaibana faili kwa mara nyingine herufi hazisomeki tena. Herufi nyeupe juu ya utepe mweusi, au za giza juu ya utepe mweupe, zinapona, kwa sababu tofauti yao iko kwenye mwangaza. Manukuu yote yaweke hivyo. Epuka pia nyuma inayofifia polepole kutoka rangi moja hadi nyingine. Ikibanwa inageuka ngazi ngazi zinazocheza mtoto akitazama.

Uso wa mwalimu ni somo pia. Simu mara nyingi hujipimia mwanga kwa kuangalia picha nzima, kwa hiyo mwalimu mweusi akisimama mbele ya ukuta mweupe au mlango ulio wazi, simu inauona weupe mwingi, inapunguza mwanga, na uso unabaki kivuli chenye meno. Tatizo hili lina historia ndefu: rangi za picha za filamu ya Kodak zilirekebishwa kwa miongo mingi kwa kutumia kadi za mwanamke mzungu, zilizoitwa Shirley. Wewe huna haja ya kungoja watengenezaji. Tundika nyuma yako kitambaa cha rangi moja ya wastani, kijivu au samawati iliyotulia, simama ukielekea mlangoni ili mwanga ukupige usoni, gusa uso wako kwenye skrini na ushikilie kidole hadi simu ijifunge hapo. Zima balbu ya njano kama mwanga wa mchana unatosha. Mianga miwili ya rangi tofauti hukufanya shavu moja liwe la machungwa na jingine la buluu. Shati lenye mistari myembamba liache nyumbani, mistari yake hutetema kwenye video.

Mtazamaji wako mara nyingi si mtoto mmoja. Ni ndugu watatu na simu moja ya Tecno au itel iliyopasuka pembeni, mwangaza umeteremshwa ili chaji ifike usiku kwa kuwa stima haina uhakika, na wawili kati yao wanatazama kwa upande. Skrini za bei nafuu hupauka zikitazamwa kwa upande, na kijivu chepesi ndicho kinachotangulia kupotea. Wengine wamewasha ile hali ya usiku inayoifanya skrini kuwa ya njano, na hapo manjano na nyeupe karibu hazitofautiani. Tazama video yako kwa masharti hayo hayo kabla ya kuituma: mwangaza chini, nje kwenye jua, ukiwa umeishika pembeni. Kama unataka kipimo cha kulinganishia, vitazame vipindi vya Ubongo Kids au Akili and Me, vinavyotengenezwa na Ubongo ya Dar es Salaam, kupitia Akili Kids!, runinga ya watoto iliyoanza Kenya mwaka 2020. Zima sauti, kisha angalia rangi ipi inafanya kazi gani kila kinapotajwa kitu kipya.

Kipimo kimoja cha mwisho kinamaliza ubishi wote. Piga slaidi picha kwa simu, uipe ule mtindo wa nyeusi na nyeupe uliomo kwenye programu ya picha, kisha uitazame. Kama bado unaona kipi ni kichwa, kipi kimeangaziwa, mshale upi unatoka wapi, rangi zako ziko sawa. Kama vyote vimekuwa uji mmoja, badilisha mwangaza wa moja ya rangi, usihangaike na jina lake.

Kipimo hiki kina faida nyingine ya mfukoni. Slaidi za kugawa huishia saiba, na kule ukurasa wa rangi unagharimu mara kadhaa ya ule mweusi na mweupe, kwa hiyo wazazi watalipia mweusi na mweupe. Kabla ya kupeleka, ondoa nyuma zote zilizopakwa. Zinakula wino na mashine huzitoa na madoadoa. Grafu yenye mistari miwili iwe na mmoja mzima na mwingine wa vitone, na jina la kila mstari liandikwe mwishoni pake, palepale, badala ya kisanduku cha rangi kule pembeni.